Ziwani na Mkwe Wangu, Kila Mtu na Paa Lake

Wenzangu wa jumuiya, tangu nimerudi hamniachi nipite njia. Mama Magoto alinikamata kisimani. Wale wa kwaya walinizunguka baada ya misa. Kila mtu nimemwambia kipande, na sasa naona vipande vimeungwa vibaya, maana juzi nimesikia kuna anayesema nililala nyumba moja na mkwe wangu. Hapana. Hilo ndilo jambo lililotuzungusha mkoa mzima ili lisitokee. Kwa hiyo naandika yote kama yalivyofuatana. Niliishia darasa la tatu, mtanisoma hivyo hivyo.

Mnamjua mwanangu Nyangi, yule wa Mwanza. Mume wake anaitwa Masatu, mtu wa Ukerewe. Wana binti mmoja wa miaka minane, Nyambura, amepewa jina langu, na mimi na yeye tunaitanaga wajina. Likizo iliyopita huyu wajina aliniuliza kama maji ya ziwa yana chumvi. Nikamwambia sijui, sijayaonja. Alinitazama kama nimemwambia sijawahi kula ugali. Ziwa nimeliona, nilikuwaga nalitazama dirishani pale Musoma mzee wangu alipolazwa, lakini kwa siku zile nani angeshuka kwenda kuchezea maji? Basi mtoto akaniwekea ahadi: tutaingia ziwani mimi na yeye, asubuhi, jua likichomoza, kabla ya chai.

Sasa, ili uingie ziwani kabla ya chai lazima uwe umelala hapo hapo ziwani. Nyangi akachagua wakati wa mvua, kwa sababu wakati huo hoteli za ufukweni zinakuwa tupu na wenye nyumba wanakubembeleza. Mimi nilikuwa na furaha mpaka nikashindwa kumaliza kupepeta karanga za kuwapelekea.

Mugeta mpaka Bunda

Niliondoka kwa pikapu ya jirani yetu Sagirai, aliyekuwa anapeleka mbuzi mnadani. Nilikuwa na jogoo, karanga, kibuyu cha maziwa ya mgando, na koti la marehemu mume wangu, mzee Makuru, lile zito la kijivu mnalolijua. Mvua ikinyesha nalivaa mwenyewe, linanifika chini ya magoti.

Hatukufika mbali. Korongo lilikuwa limejaa, maji yanapita juu ya daraja, ikabidi tukae tusubiri yapungue. Walikuwepo watu wengi upande wetu, na bwana mmoja anaitwa Marwa alikuwa anachoma mahindi chini ya turubai. Akaniuliza naenda wapi. Nikasema Musoma, ziwani. Akashusha sauti akauliza nani anaumwa. Nikasema hakuna mgonjwa, naenda kuoga.

Wote wakageuka. Marwa akaliangalia lile koti, akaangalia mvua, akaangalia korongo.

"Mama," akasema, "vua koti simama hapo ulipo, utaoga mpaka uchoke. Nauli ya nini?"

Walicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Hata Sagirai, ambaye hachekagi, alijificha nyuma ya tairi. Mimi nikamwambia Marwa kwamba maji ya juu nimeshayazoea, nataka ya chini. Akanipa hindi la bure, akasema nikirudi nimweleze kama nimetakata. Hindi lilikuwa limeiva vizuri, limeungua kidogo upande mmoja, na nililila lote nikiangalia maji yanavyopungua.

Bunda

Nyangi na wenzake walikuwa wananisubiri karibu na stendi. Wajina alinirukia na koti lake la mvua la njano. Masatu alishuka garini, akazunguka upande wa pili, akainamisha kichwa, akanisalimia kutoka huko: "Shikamoo, mama." Nikaitikia nikiangalia matairi. Ndivyo ilivyo kwetu, na kwao Ukerewe ni vile vile. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali mahali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Maneno machache yanaruhusiwa, lakini ni vizuri zaidi yakipitia kwa mtoto.

Garini nikakaa kiti cha nyuma kabisa na wajina. Masatu alipokaa kwenye usukani aliona kwamba kile kioo cha katikati kinanionyesha mimi moja kwa moja, uso mzima. Akakisukuma juu kikaangalia dari. Moyoni nikasema, mtoto huyu amelelewa. Sikufikiria kwamba dereva anakihitaji kioo kile kwa kazi nyingine.

Butiama, kwa mdogo wangu Bhoke

Bhoke angenisema mwaka mzima kama ningepita Butiama bila kuingia kwake. Alikuwa ametupikia ugali wa mtama na kuku, na mlenda pembeni. Mimi, Nyangi na wajina tulikula ndani. Masatu alipelekewa chakula chake kwenye banda la nyuma, kwa sababu Bhoke naye ni mama mkwe wake kama mimi. Tulisikia anavyosifia mlenda kule nyuma, anausifia kwa sauti, ili ufike.

Tukaaga. Masatu akawasha gari, akaanza kurudi kinyumenyume. Mimi niko kiti cha nyuma, nimegeuka nampungia Bhoke, na ninaona kabisa tunakielekea kichanja chake cha vyombo. Sasa nifanyeje? Kumpigia mkwe kelele "simama wewe" siwezi. Nikamwambia wajina, mwambie baba asimame, kuna vyombo. Wajina alikuwa na karanga mdomo mzima. Alitafuna, akameza, akasema, "Baba, bibi anasema..." na hapo tukasikia sufuria zinaanguka moja baada ya nyingine, na tairi la nyuma likaingia kwenye mfereji.

Majirani walikuja kusukuma. Masatu alishuka akaingia kwenye tope mpaka magoti. Gari lilipotoka, alisimama akamwomba Bhoke radhi, lakini uso ameuelekeza kwenye mgomba. Bhoke naye akamjibu kwamba si kitu, sufuria hazifi, uso ameuelekeza kwa kuku aliyekuwa anapita. Wakaendelea hivyo kwa heshima kabisa. Wajina akaniuliza kwa nini bibi Bhoke anaongea na kuku. Nilishindwa kumjibu kwa kicheko.

Musoma: nyumba nzima

Nyangi hakutaka kutuambia alichotafuta. Alisema ni zawadi. Tulipofika, dada mmoja anaitwa Veronika alitufungulia geti akitabasamu, akatuambia msimu huu hana wageni, kwa hiyo badala ya chumba ametupa nyumba nzima ya familia kwa bei ile ile.

Nyumba ilikuwa nzuri, sidanganyi. Sebule ina makochi, vyumba vitatu, vitanda vina vyandarua vyeupe, na dirisha la chumba changu lilikuwa linaangalia ziwa. Lilikuwa pale, la kijivu, linapumua, karibu mpaka nilisikia harufu yake. Wajina alishapanda kitandani, anaruka, anasema huku atalala bibi, huku mimi.

Nikatoka nikasimama barazani na kibuyu changu. Masatu alikuwa bado garini, mlango umefungwa, mikono kwenye usukani, kama mtu aliyefika nyumba ya watu wengine.

Nyangi alitusubiri tuingie. Akaniangalia mimi, akaangalia gari, na nikaona furaha inamshuka usoni. Alikuwa amepiga simu kila mahali, ameuliza maji ya moto, ameuliza chandarua, ameuliza chakula. Hili moja lilimtoka.

"Mama, kila chumba kina ufunguo wake," akasema.

"Na paa je?"

"Paa ni moja."

"Basi."

Akajaribu kuniambia mjini siku hizi watu wanakaa tu. Nikamwambia wakae, mimi siwakatazi. Wajina alitumwa garini akarudi na jibu la baba yake: yeye atalala kwenye gari, sisi tulale ndani. Hilo nalo nikalikataa. Mimi nijinyooshe kwenye chandarua, mkwe wangu amejikunja kwenye gari mlangoni kwangu, watu waseme nimemfukuza? Nikasema nirudisheni Butiama kwa Bhoke, ninyi mbaki, kesho mtakuja kunichukua.

Wajina aliposikia hivyo aliketi chini kwenye saruji na koti lake la njano. Hakulia kwa sauti. Alisema, "Basi hutakuwepo kabla ya chai."

Jamani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Hata Veronika aligeukia ukuta. Nikamwambia Nyangi: tafuta tena. Jua lipo, mji ni mkubwa, na wenye nyumba wana njaa ya wageni.

Bado Musoma: bati moja

Mahali pa pili palikuwa pa bwana Kisyeri, mtu mzima wa Tarime. Ana vyumba vinane vimepangwa mstari, kila chumba na mlango wake wa nje, choo chake, baraza lake. Masatu apewe cha kwanza, mimi cha mwisho. Nyangi akasema hapa hakuna neno. Lakini mimi niliangalia juu. Bati lilikuwa moja, limenyooka kutoka cha kwanza mpaka cha mwisho.

Hapo ukazuka mjadala. Nyangi anasema milango minane ni nyumba nane. Mimi nasema nyumba haihesabiwi kwa milango. Masatu akasema kupitia kwa wajina kwamba yeye atafuata atakavyosema mama. Mama mwenyewe hajui. Na bwana Kisyeri, ambaye alikuwa na vyumba vinane vitupu na angeweza kutuambia lolote, akavuta kiti akasema jambo hili si la kuchezea, hata kwao lipo.

Nikapiga simu kwa wifi yangu Nyamhanga, mnamjua, dada wa mzee Makuru. Mambo ya ukwe ndiye anayeyashika kwetu. Nikamweleza mstari, milango, bati. Nasikia anatafuna kitu. Kisha akauliza:

"Panya akitoka chumbani kwako kwenda chumbani kwake, mvua inamnyeshea?"

"Sijui."

"Kaangalie. Akifika kavu, hiyo ni nyumba moja. Akilowa, laleni."

Simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa, bwana Kisyeri alisikia. Alikwenda akaleta ngazi, akafungua kile kifuniko cha dari, akaingiza kichwa na tochi. Alikaa huko juu muda. Aliposhuka alikuwa na utando wa buibui kwenye nywele na uso wa msiba.

"Mama, anapita," akasema. "Kuanzia hapa mpaka mwisho. Hata paka anapita."

Nilimpenda mzee yule. Alikuwa ameturudisha barabarani kwa ulimi wake mwenyewe, na bado akatupa chai, akatuelekeza kwa rafiki yake Mafuru, kule Bukima, mwenye vibanda vya nyasi ufukweni, kila kibanda peke yake. Akasema lakini mfanye haraka, Mafuru akiona mvua anafunga anaenda shambani.

Bukima

Barabara ya Bukima ilikuwa tope tupu. Gari lilikwenda kama mlevi, huku na huku. Masatu alikuwa ameinamia usukani, kile kioo bado kinaangalia dari. Mimi nyuma nilikuwa nasali, na wakati huo huo, nawaambia ukweli, nilikuwa nacheka. Miaka mingi sijacheka nikiwa njiani hivyo. Kwenye kilima cha mwisho gari likakataa kabisa, tukaliacha hapo kwenye boma la mtu, tukashuka kwa miguu na mizigo kichwani, jogoo kwapani.

Mafuru alikuwepo, na jembe begani. Akasema amefunga, msimu bado. Nyangi akaanza kumweleza kuhusu nyumba nzima, na bati, na panya. Mafuru alisikiliza mpaka mwisho, akaweka jembe chini.

"Kwangu panya atalowa," akasema. "Hilo nakuhakikishia."

Vibanda vilikuwa vinne. Viwili havina paa. Cha tatu kilikuwa kizuri. Cha nne kilikuwa ng'ambo ya uwanja, na Mafuru akasema nyasi zake zimechoka, kinavuja. Masatu akaenda kukiangalia. Wajina akarudi na taarifa: baba anasema hakivuji, ni kizuri kuliko chetu. Nilipima uwanja kwa macho. Mvua ilikuwa inanyesha katikati, nzito, kutoka kibanda mpaka kibanda. Nikasema Mungu mkubwa.

Mke wa Mafuru, Nyamumwi, alitupikia sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo. Masatu alikula kwake. Sisi tukiwa tunanawa, wajina akaja amebeba bakuli limefunikwa. Baba anasema hiki ni cha bibi. Nikafunua. Kichwa cha samaki, peke yake, kinanikodolea macho.

Sisi watu wa ng'ombe tunajua mtu anayepewa kichwa na mtu anayepewa paja. Nikajisemea, leo nimewazungusha, sasa mkwe ananijibu. Amekula nyama amenirudishia mifupa. Nikalisogeza lile bakuli pembeni. Nyamumwi akaliona, akashangaa, akaniuliza kama nimeshiba. Nikasema mimi si paka.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia kwao watu wa ziwa, kichwa cha sato ndicho anachokula mkubwa wa nyumba. Mkwe hapo alipo anakula mkia na ugali mtupu, kichwa amekitoa kwenye sahani yake. Akanionyesha pa kuanzia, hapo nyuma ya shavu. Jamani wenzangu, hiyo nyama. Nilimaliza mpaka nikanyonya mifupa, na nikamtuma wajina aseme kwa baba yake kwamba bibi amekula macho yote mawili.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Mimi, Nyangi na wajina tulilala kitanda kimoja, kavu, kama vifaranga.

Kulipoanza kupambazuka nikatoka. Kwenye uzio wa kibanda cha ng'ambo lilikuwa limetundikwa godoro, linadondosha maji. Mashuka nayo. Shati nalo. Mafuru alikuwa hapo, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba paa lilikuwa kama kichujio, na kijana aliukesha usiku akiwa amesimama kwenye pembe moja, maana gari liko kilimani na kwetu hawezi kubisha. Alimwomba Mafuru asituambie, mama asije akasema twende tukatafute pengine.

Nikarudi ndani nikachukua koti la mzee Makuru. Kanga yangu nisingeweza kumpa mkwe, mnajua, ingekuwa aibu kwetu wote wawili. Lakini koti la baba mkwe ni kitu kingine. Nililitundika kwenye uzio, upande mkavu, nikasogea mbali, nikakigeuzia kibanda chake mgongo. Kisha nikasema mwenyewe, bila kupitia kwa mtoto:

"Mkwe. Hilo ni la baba yako. Vaa."

Nilisikia hatua zake kwenye maji. Akasema, "Asante, mama." Baada ya kidogo akaongeza, "Linanitosha."

Basi tukaenda, mimi na wajina, kabla ya chai. Jua halikuonekana vizuri, lilikuwa doa jekundu nyuma ya mawingu, na manyunyu yanaanguka. Mchanga ulikuwa baridi, maji yenyewe ya uvuguvugu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Wimbi la kwanza lilinishika miguu nikapiga ukelele. La pili nikalifuata. Wajina alinishika mkono kama mimi ndiye mtoto.

Juu kwenye tuta la mchanga Masatu alikuwa amesimama, koti la kijivu limemfika chini ya magoti kama linavyonifika mimi, ametugeuzia mgongo. Yeye ndiye anayejua kuogelea kati yetu wote, kwa hiyo alikuwa analinda. Alikuwa anayalinda maji bila kuyatazama. Kila mara anauliza kwa sauti, na wajina anajibu.

"Bibi yamemfika wapi?"

"Magotini."

"Na sasa?"

"Kiunoni."

"Mwambie asimame hapo. Hapo panatosha kwa leo."

Nikasimama. Nikachota kwa kiganja nikaonja. Wajina alinisubiri na macho makubwa.

"Hayana chumvi," nikamwambia.

"Nilijua," akasema. "Nilitaka ujue wewe."

Kurudi

Nitafupisha. Gari lilitoka kilimani kwa nguvu za ng'ombe wa Mafuru. Kabla hatujaondoka nikamtuma wajina amwambie baba yake akishushe kioo mahali pake, mimi nitajifunika kanga usoni, sufuria za Bhoke zimetosha. Akakishusha. Nilisafiri nimejifunika kama bibi harusi mpaka Bunda, na ndani ya kanga nilikuwa nacheka peke yangu. Pale korongoni Marwa aliniuliza kama nimetakata. Nikamwambia anuse mwenyewe.

Nyamhanga alikuja jioni ile ile, akakalia kigoda changu. Hakuniuliza habari za ziwa. Aliuliza mambo mawili: panya alilowa, na koti la kaka yake liko wapi.

Nikamwambia panya alilowa, wifi. Lakini mkwe wetu alilowa kuliko panya, ndiyo maana koti la kaka yako liko Mwanza.

Akafikiri kidogo, akasema basi koti liko kwa mwanawe.